Injini Haikuwa na Kosa

Ndege ndogo ikianguka shambani, habari ya kwanza huwa ile ile: injini ilizimika angani. Tunaguna, tunasema ajali haina kinga, tunaendelea na yetu. Ripoti ya uchunguzi hutoka baadaye sana, wakati hakuna tena anayeisubiri, na si mara moja wala mbili humo ndani utakuta kwamba matangi yalikuwa makavu na injini haikuwa na kosa lolote. Ajali ya namna hiyo kinga ilikuwa nayo: kijiti cha kupimia tangi na dakika chache za hesabu kabla ya kupaa.

Mwaka 2017 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili baada ya kupitia ajali za miaka ya 2011 hadi 2015. Ilikuta kwa wastani ajali zaidi ya 50 kwa mwaka zinatokana na mafuta kusimamiwa vibaya. Katika asilimia 56 mafuta yaliisha kabisa. Katika asilimia 35 yalikuwemo ndani ya ndege ila hayakufika kwenye injini. Rubani, kwa mfano, kasahau kuhamia tangi la pili. Na karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni ya biashara au ile ya juu kabisa. Wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu.

Mimi sishangai. Mwanafunzi anapima kwa sababu anaogopa. Mzoefu anaijua ndege yake, anajua inakunywa kiasi gani, anajua jana iliachwa na mafuta kiasi gani. Anajua mno.

Tazama kisa cha John Denver, mwanamuziki wa Marekani aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1997 kwenye ghuba ya Monterey, California. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kurusha ndege. Siku hiyo alikuwa na Long-EZ, ndege ya kujijengea, ambayo ndiyo kwanza aipate. Aliyeijenga alikuwa ameweka mkono wa kubadilishia matangi nyuma ya bega la kushoto la rubani, na vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma, havina hata alama. Kabla ya safari, Denver na fundi walijaribu kuurefusha mkono ule kwa koleo, wakashindwa. Fundi akampa kioo kidogo ili aweze kuona vipimo akiwa amekaa. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta alikataa, akasema ataruka kama saa moja tu.

Alitua na kupaa mara tatu, kisha akaelekea baharini. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipojipinda kuufikia mkono alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Watu hubishana sana juu ya mahali mkono ulipowekwa, na kweli palikuwa pabaya. Lakini NTSB iliandika pia kwamba kutojaza mafuta kulikuwa sababu, na hapo ndipo mimi ninaposimama. Matangi yangekuwa yamejaa, asingekuwa na haja ya kugeuka nyuma.

Huku kwetu kuna kishawishi kingine, uzito. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ya matoleo ya karibuni ikijazwa hubeba lita 200 hivi za kutumika, yaani karibu kilo 145. Ukishajaza, watu wazima wanne na mabegi yao hawaingii kihalali. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi na ndege inapaa kwa tabu. Basi kinachopunguzwa ni mafuta, maana abiria ameshalipa. Viwanja vingi vya changarawe huko mbugani havina pa kununua petroli ya ndege, kwa hiyo unaondoka na ya kwenda na kurudi au unasali. Bodaboda ikikauka unaisukuma hadi sheli. Huku juu hakuna wa kukusukuma.

Tena hesabu yenyewe ina mitego. Ulaji ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege unachukulia kwamba rubani atapunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta unaoingia kwenye injini akishafika juu; asipofanya hivyo, saa nne zinakuwa tatu na kitu. Upepo wa mbisho unakula zake. Mfuniko wa tangi juu ya bawa ukiwa na mpira uliochakaa, hewa inayopita inafyonza mafuta nje, na rubani aliyekaa chini ya bawa hilo haoni kitu. Sheria za Marekani zinataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa anayeruka kwa kuona nje kwa macho, si kwa kutegemea vyombo. Kwangu hiyo ni chini mno. Saa nzima, na isiguswe.

Mambo yakiharibika, maneno ya redioni yapo na yanajulikana dunia nzima: kwanza "minimum fuel", yaani mafuta yamebaki machache na sivumilii kucheleweshwa zaidi, na hali ikizidi, "mayday fuel", yaani ni dharura ya mafuta. Wapo wanaochelewa kuyatamka kwa sababu kuyatamka ni kukiri mbele ya wenzao wote kwenye masafa yale kwamba hawakupima. Wenye vilabu na kampuni wangeanzia hapo: rubani aliyerudi au kutua njiani kutafuta mafuta asiulizwe kwa nini amechelewesha abiria.