Tarihi ya Kilwa na ngazi tatu za vyanzo

Wanafunzi wa historia hufundishwa mapema kupanga vyanzo katika ngazi tatu: vya msingi, vilivyotoka kwa walioshuhudia au katika zama zenyewe, vya upili, ambavyo ni kazi za wanaofasiri vile vya msingi, na vya tatu, kama ensaiklopidia na vitabu vya kiada, vinavyofupisha yaliyokwisha kuandikwa. Mpangilio huu hauna utata mpaka utumike kwa tarihi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya wafalme wa mji huo wa pwani ya Tanzania.

Tarihi hiyo imetufikia kwa njia mbili. Moja ni Kitab al-Sulwa, ambayo mwandishi wake aliishi katika karne ya 16, lakini nakala ya Kiarabu tuliyo nayo, iliyohifadhiwa British Library, ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877. Nyingine ni muhtasari alioutia mwanahistoria Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552. De Barros hakuwahi kufika Kilwa, kwa hiyo kwa kanuni yeye ni wa upili na Kiarabu ndicho cha msingi. Hata hivyo, chapa yake imeitangulia nakala ya Kiarabu kwa miaka 325. Kiarabu kinasimulia kwamba mfalme wa Shirazi, mji wa Uajemi, alisafiri pamoja na wanawe sita, ilhali de Barros anamtaja mwana mmoja tu, Ali, kuwa ndiye aliyekuja kuanzisha mji. Katika hitilafu kama hii, jina la ngazi halituamulii lolote.

Zaidi ya hayo, mwandishi wa Kiarabu mwenyewe alikuwa mbali na waanzilishi wa mji kwa karne kadhaa. Anayetafuta habari za waanzilishi hao anasoma chanzo cha upili. Anayetaka kujua watu wa Kilwa wa karne ya 16 walijivunia nasaba gani anasoma chanzo cha msingi, na kitabu ni kilekile. Ndiyo maana wapo wanaodai kwamba ngazi imo katika swali, wala haimo katika maandishi, na kwamba afadhali tuiache. Nakubaliana na nusu ya kwanza ya dai hilo. Tukiiacha kabisa, vitabu kumi vya leo vilivyomnakili de Barros vitahesabiwa kuwa mashahidi kumi, na hapo hasara ni kubwa kuliko usumbufu wa kubishana juu ya ngazi.

Wanaoitetea kwa ukali, kwa upande wao, husahau kwamba chanzo cha msingi hakijisemei. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alizitazama sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayedhaniwa kuwa ndiye Ali wa tarihi, ambazo hazina tarehe, akaupeleka utawala wa Washirazi mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, na humo sarafu za Ali zilikutwa pamoja na dinari za Kifatimi, yaani sarafu za dhahabu za makhalifa wa Misri, ambazo zina tarehe, jambo lililowafanya wataalamu wamrudishe Ali kwenye karne ya 11. Sarafu zilikuwa za msingi tangu mwanzo. Kilichokosewa ni ufasiri wake, yaani kazi ya upili, na kilichousahihisha ni ushahidi mwingine wa msingi pamoja na ufasiri mwingine. Bila kutenganisha ngazi hizo mbili tusingeweza hata kusema kosa lilikuwa wapi.

Kuhusu ngazi ya tatu sina mengi, ila kwamba ndiyo inayosomwa na watu wengi zaidi na ndiyo inayopoteza mashaka haraka zaidi. “Huenda” ya mchimbaji hudondoka njiani, na karne hubaki peke yake. Msomaji anayekuta katika kitabu cha kiada kwamba Ali alitawala karne fulani hawezi kujua kama anafuata hoja ya Chittick au hazina ya Mtambwe, isipokuwa kitabu chenyewe kimemwambia.