Skramu ya Kichochoroni

Stima ilipotea mtaa wa Langoni, Lamu, asubuhi mapema, na kile chumba chetu cha ghorofani bila feni hakikaliki. Skramu Masta, yaani msimamizi wa Skramu, ule utaratibu wa timu kutengeneza programu kwa awamu fupi fupi, aliyetumwa kutoka Nairobi kuja kutunyoosha, akasema hakuna kuahirisha: mkutano wa kila siku ni dakika 15, tena wa kusimama, watu wasije wakanogewa. Tukashuka, tukasimama duara kichochoroni, laptopu kwapani.

Mtu wa Lamu akiona watu wazima wamesimama kimya mlangoni pa nyumba asubuhi, ana swali moja tu. Mzee wa kwanza kupita alinishika mkono kwa huruma akauliza maziko ni baada ya adhuhuri au alasiri. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mzee wangu, tunatengeneza programu ya kukata tikiti za boti. Akasema alhamdulillahi, akabaki. Wa pili akamwona wa kwanza, naye akabaki. Mwenye punda wa mchanga hakuwa na hiari. Tulikuwa tumeziba njia.

Maswali ni matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha. (Mwongozo wa Skramu wenyewe uliyaacha mwaka 2020, lakini Masta wetu hajawahi kuachana nayo.) Zamu ilizunguka vizuri mpaka ikamfikia bibi wa mahamri, ambaye hakuwa kwenye timu. Alikuwa anataka kutoka nyumbani kwake.

“Jana nilikanda unga,” akasema. “Leo nimekanda unga. Kinachonikwamisha ni wewe, mwanangu, umenisimamia mlangoni.”

Ripoti safi kuliko zetu zote, kusema kweli.

Masta akataka kufunga, lakini nahodha mmoja wa boti za kisiwa cha Pate akaomba aone hiyo programu tunayoitoa Ijumaa. Nikaifungua laptopu juu ya magunia ya mchanga, mgongoni mwa punda. Skrini ikawaka: Lamu hadi Mtangawanda, kila siku, saa 2:00 asubuhi.

“Kila siku?”

“Kila siku, Nahodha.”

“Na mai?”

Mai, kwa Kiamu, ni maji. Kichochoro kizima kikaangua kicheko isipokuwa timu. Boti za Pate, zinazoshukia Mtangawanda, hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakitoka, Mkanda haupitiki. Kujaa na kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo maji ya leo saa mbili asubuhi, siku tano baadaye ni ya adhuhuri. Sisi tulikuwa na baklogi, orodha ya kazi zinazosubiri, ya vikaratasi vya njano ukuta mzima, na hakuna hata kimoja kilichotaja maji. Rangi ya kitufe cha “Lipa” ilijadiliwa sprinti nzima, yaani awamu nzima ya kazi. Mwenye bidhaa, ambaye ndiye hupanga kipi kitangulie, hapandi boti; anasema zinamtapisha.

Masta hakutaka toleo limfie mikononi. Akatoa karata za makadirio, 1, 2, 3, 5, 8, 13, tupime uzito wa kuingiza jedwali la maji. Yule mzee wa maziko alipoona karata zinagawiwa mchana kweupe akasema “Astaghfirullah,” akasogea karibu zaidi apate kuona.

Tukafunua. Mimi 5, mpimaji wa bagi, yaani hitilafu za programu, 8, mwenzangu wa seva 13. Kanuni ni kwamba wa chini na wa juu wajieleze, kisha zipigwe upya. Tulipokuwa tunajielezana kwa sauti ya sokoni, nahodha akaomba naye achague. Akazipekua, namba zote akazipita, akachomoa ile yenye picha ya kikombe, ambayo maana yake ni “tumechoka, tupumzike kidogo,” akaiinua juu.

Muuza kahawa alikuwa kwa nyuma na dele lake. Hakuhitaji kufafanuliwa. Akagonga vikombe, akaanza na nahodha, akashuka na kichochoro kizima, na mwenye punda akanywa viwili. Ijumaa ikafutwa ubaoni. Hesabu ya kahawa akapelekewa Masta, kwa kuwa ndiye mwenye karata.