Ungekuwa Mnyama, Ungekuwa Mnyama Gani?

Mimi fundi cherehani, Chikongola, hapa hapa Mtwara mjini. Pango la kibanda nalipa mwenyewe, na nje nimeweka benchi la wateja. Mteja hajawahi kulikalia. Wanalikalia wanaume wasio na suruali ya kushona wala ya kupunguza. Wanakunywa kahawa, wanatafuna kashata, wanaongea mpira mpaka adhana ya adhuhuri, wakitoka kuswali wanaendelea pale pale walipoishia. Nilishazoea. Lakini hili la usaili, jamani, limenishinda.

Aliyelileta ni mpwa wangu, yuko likizo ya chuo na simu haimtoki mkononi. Akawasomea habari za hoki ya barafuni, ile ya Marekani na Kanada. Ligi yao kubwa inaitwa NHL, ina timu 32, na kila mwaka zinagawana vijana, wengi wao wa miaka 18. Kabla ya mgawo huo vijana wanaotazamiwa wanakusanywa mji unaoitwa Buffalo. Wanapandishwa baiskeli isiyokwenda popote, wanaambiwa wanyonge pedali kwa nguvu zote nusu dakika, wengine wanashuka wanatapika. Halafu timu moja moja inamwita kijana chumbani na kumhoji. Tena maswali siyo ya mchezo tu. Kuna wanaoulizwa ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani. Na mashabiki, watu waliokaa makwao ambao hakuna aliyewaita, nao wanapendekeza maswali.

"Kumbe shabiki anaruhusiwa?" akauliza dereva mmoja wa bajaji. Sikupenda alivyouliza.

Timu ya mtaa ilikuwa inatafuta vijana wapya. Zamani ilikuwa rahisi: unarushiwa mpira, ukiutuliza umo, ukikupita nenda kauokote urudi nyumbani. Sasa ikaundwa kamati ya usaili. Ofisi, kibandani kwangu. Kalamu, yangu. Daftari, lile langu la vipimo, kwa hiyo leo ukilifungua unakuta "kiuno 34, urefu 41, je, umewahi kulia hadharani?" Nimeshamwuliza mama mmoja wa watu aliyekuja kuchukua gauni kama amewahi kulia hadharani. Akaniambia, "Bado, lakini hili gauni nalitaka tangu Idi."

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Huyu ukitaja hoki lazima akukumbushe kwamba Tanzania ilicheza hoki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ni kweli, ile ya uwanjani, siyo ya barafu. Ila hamalizii. India ilitufunga 18 bila. Kumi na nane, wazee! Bahati yetu mwaka ule Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za riadha, kwa hiyo aliyeuliza habari za hoki alionekana mchawi. Mwenyekiti yeye anasema tulishika nafasi ya sita duniani. Timu zilikuwa sita.

Maswali yakaanza kumiminika. Mjumbe mmoja akataka kila kijana aulizwe: una wajomba wangapi walio hai? Akatoa sababu, kwamba huku kwetu Kusini mjomba ana sauti, kijana akisajiliwa tu timu ya Dar wajomba watapanda basi wote. Hoja ina akili. Isipokuwa mjumbe huyo ana mpwa wake bandarini ambaye hajamtumia hata ya vocha, na hilo swali nililisikia likimtoka kwa uchungu ambao siyo wa kimichezo. Dereva wa bajaji akataka: ukipata hela yako ya kwanza utaanza kulipa deni la nani? Nusu ya timu anaidai nauli. Jirani yangu wa duka akapendekeza: ukikuta chenji imezidi utafanyaje? Nikamwangalia. Akaangalia chini.

Mwenye kuuza pweza jioni, shangazi wa mtaa mzima, alikuwa hana habari na kamati mpaka mpwa wangu alipofungua tena kinywa. Kasema kule Detroit mashabiki wa hoki wanarusha pweza kwenye barafu. Pweza! Mila ya tangu mwaka 1952, eti wakati ule timu ilihitaji kushinda mechi nane ili ichukue kombe, na pweza ana mikono minane, basi wakamtupa mmoja ndani, na kombe likaja kweli. Shangazi akaweka beseni chini.

"Mzima?"

"Mzima, shangazi."

"Kachemshwa?"

"Wengine wanamchemsha kwanza."

"Na anayeokota ni nani?"

Mpwa wangu hakuwa na jibu zuri la hilo. Shangazi akasema watu wanamwacha pweza kwenye barafu safi na hakuna anayebeba, hao usiwaige maswali yao, hawana wanachojua. Kwangu mimi, huyo ndiye pekee aliyesema kitu cha maana wiki nzima. Kamati wakamjibu kwamba hoja yake haihusiani na ajenda.

Siku ya usaili ikafika. Vijana wakajaa, wamesimama juani, maana benchi lilikaliwa na kamati. Mimi nashona sare za shule, kelele mtindo mmoja. Wakaanza na lile la mnyama. Kijana wa kwanza, mtoto wa watu, mshambuliaji mzuri tu, akajibu bila kufikiri: "Simba." Wajumbe watatu ni Yanga. Alikatwa jina kabla hajafunga mdomo. Wa pili akaona kilichompata mwenzake, akajibu chura, na chura ndivyo Yanga wanavyotaniwa. Wale wajumbe wawili wa Simba wakasimama, wakasema huyu mtoto ametumwa. Wa tatu, kipa, akasema pweza, kwa sababu ya mikono minane. Huyo nilidhani kapita, ila shangazi akapaza sauti kule kule alikokaa: "Pweza wangu mimi kabla hajaliwa nampiga chini mpaka alainike, umejiandaa?" Kipa akaomba kubadilisha jibu. Swali likafutwa.

Likafuata la umri. Haya, hapa pana tatizo la kweli, vijana wetu wa miaka 17 wengine wana watoto shule ya awali. FIFA kwa mashindano yao ya chini ya miaka 17 walianza mwaka 2009 kupima mifupa ya mkono kwa mashine ya MRI. Mashine hiyo benchini kwangu hakuna. Mwenyekiti akasema haihitajiki. Akamwita beki mmoja, mrefu, ndevu kazinyoa asubuhi hiyo hiyo na kidevu bado kinawaka, anadai ana miaka 17. Akamwuliza taratibu, kiualimu: "Mwanangu, mwaka ule wa 2018 Serikali iliposema inanunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, wewe ulikuwa wapi?"

"Ghalani, mwalimu. Nilikuwa nabeba magunia."

"Ya kilo ngapi?"

"Themanini, mwalimu." Na kifua akakitoa mbele.

Kimya. Mtoto wa shule ya msingi huyo, na gunia la kilo themanini. Nikasimamisha cherehani kumwangalia vizuri. Unajua wamefanya nini? Wamempitisha! Eti ana nguvu, na kamati haiwezi kumwadhibu mtu kwa kusema kweli. Mshambuliaji aliyesema simba kaenda zake Shangani, nasikia anafunga huko kila jioni.

Sasa nataka mnielewe. Mimi sijapendekeza swali hata moja. Mchana nilipoona wamechoka nikanyanyua utepe wangu shingoni, nikasema ngoja nami niwaulize vijana: viuno vyenu ngapi, mabega ngapi? Maana bukta mwataka, jezi mwataka, na mmeshatangaza mtaani kwamba fundi ni mimi. Mwenyekiti akaniambia hayo siyo maswali ya kitaalamu, nisubiri mwisho. Nikauliza basi, kitambaa analipa nani?

Wakaangaliana. Yule wa duka akakumbuka ameacha mlango wazi. Wa bajaji akapigiwa simu, ingawa simu haikulia. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha tetroni yangu, akasema swali zuri, liandike.

Nimeliandika, wazee. Na aliyechukua kalamu arudishe.