Nimefungiwa ndani ya Plani G

Jamani hii bima ya wazee huku Marekani itanimaliza kabla ya sukari yenyewe. Mi nimekatwa asilimia 1.45 ya kila mshahara tangu nianze kubeba mizigo hapa Texas, hela ya Medicare hiyo, ndo bima yenyewe ya serikali ya wazee, nikijua nikifika 65 nanyoosha miguu natibiwa. Kumbe Part B, ile sehemu yake ya madaktari na matibabu ya bila kulazwa, inalipa asilimia 80, ile 20 ni yako wewe na Mola wako, na haina mwisho, ukichomwa dawa za kansa ni 20, moyo ni 20. Ndo hapo wanakuuzia bima ya kujazia, Medigap, zina majina ya herufi, A, B, C, D, F, G, na nyingine huko mbele, mi nina G.

Sasa sikieni uchuro wenyewe. G ya kampuni hii na G ya kampuni ile ni kitu kilekile, sheria ya serikali ndo imepanga inalipa nini, hakuna iliyoongezwa hata panadol. Tofauti bei tu. Na yangu inapanda kadiri umri unavyopanda, utadhani mi ndo niliomba kuzeeka. Nikaona kampuni nyingine inauza G hiyohiyo kwa bei ya chini, nikasema nahama, kwani nimefunga nayo ndoa?

Nikampigia wakala wao. Kijana mpole, baba huyu baba yule, mara akaanza: miaka miwili iliyopita umewekwa stenti, kile kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo? Insulini unachoma uniti ngapi kwa siku? Presha unameza dawa ngapi? Kuna operesheni daktari kakwambia ufanye hujafanya? Wallahi nilipokwenda kuposa wakwe zangu hawakunihoji hivi. Akafika kwenye uzito, nikasema paundi 190, simu iko spika, Mama Asha huko jikoni anakaanga samaki akapaza sauti, "Baba Asha, hiyo ilikuwa kabla hatujamuoza Asha!" Kijana akanyamaza. Nikasikia anafuta.

Barua ya kukataliwa ikaja na shukrani, eti asante kwa kutuchagua. Heri ile ya zamani nilikuwa sijaikata, maana wapo wanaokata kwanza ndo waombe mpya, halafu wanabaki hawana huku wala kule.

Mwanangu wa kiume, msomi yule, akaniambia baba, Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya Obama, imekataza kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao. Nikafurahi kidogo, tukasoma wote. Kweli imekataza, ila Medigap haimo, imeachwa nje barazani. Kila mwaka ikifika Oktoba televisheni haikai kimya, wazee wana meno meupe wanacheza gofu, badilisha plani yako leo, kuanzia Oktoba 15 mpaka Desemba 7! Na yenyewe si yetu sisi wa Medigap, ni ya plani za Advantage, zile za kampuni binafsi unazochukua badala ya Medicare ya kawaida, na ya plani za dawa. Yetu ni miezi sita tu, inaanza ukishatimiza 65 na Part B imeanza, hapo hawaruhusiwi kukukataa kwa ugonjwa hata uwe unaenda kwao na dripu mkononi. Ikipita hiyo, majimbo mengi unasailiwa, labda uwe na sababu maalum kama kampuni yako kufilisika, na mi siwezi kukaa naombea kampuni ifilisike, ingawa kuna siku nimejaribu.

Shemeji yangu yuko New York, moyo wake mbovu kuliko wangu, kule hawakukatai, anahama anavyotaka, na kila akihama lazima anipigie simu anitambie. California nao ukifika birthday yako una siku 60 unahamia ya herufi ileile au inayolipa pungufu yake, bila maswali. Huku kwetu birthday unakula keki tu, tena isiyo na sukari.

Haya sasa mwezi huu Mama Asha katimiza 65. Presha anayo, sukari anayo, magoti ndo hayasemeki. Simu hazikatiki, wanamwita madam, na kati yao imo ile kampuni iliyonikataa mimi. Jana kakaa sebuleni kavaa miwani yangu anajaza fomu yao, G hiyohiyo, kwa bei ambayo nikiitaja nitalia. Kafika ukurasa wa maswali ya afya, pameandikwa kama uko ndani ya miezi sita yako usijibu chochote hapa, ruka. Akaruka. Halafu akanitazama juu ya miwani akaniuliza, "Baba Asha, hapa penye uzito wewe uliandika ngapi vile?"