Shilingi Mbili za Mama Mhasibu
Kazi yangu ni kutunza programu ya kutoa ankara katika duka moja la jumla hapa Dar es Salaam, na tangu Jumatatu silali vizuri kwa sababu ya shilingi mbili. Ankara ina bidhaa tatu za shilingi 4,525 kila moja. Kila mstari umetozwa VAT ya asilimia 18 na kuandikwa 814, na mtoto yeyote wa darasa la nne atakuambia kwamba 814 mara tatu ni 2,442. Lakini chini ya ukurasa imeandikwa 2,444. Mama Mhasibu hanigombezi, ila kila saa ananipigia simu kwa upole unaouma: "Mwanangu, shilingi zangu hazijaonekana?"

Dawa yake inajulikana. Unaufungua msimbo ndani ya Visual Studio, programu ya kuandikia na kukagua msimbo, unaweka brekipointi, yaani alama ya kuisimamisha programu, kwenye mstari unaokokotoa kodi, kisha unasubiri programu isimame hapo kama daladala kituoni. Nilibonyeza F9, nukta ikatokea, nyekundu kama nyanya iliyoiva. Nilipojiunganisha na seva, ile kompyuta inayoiendesha programu ya duka, nukta hiyo hiyo ikageuka duara tupu, pamoja na ujumbe kwamba programu haitasimama hapo kwa kuwa simboli, yaani taarifa zinazooanisha programu na msimbo wake, hazijapakiwa. Na kweli haikusimama; ilinipita kama daladala iliyojaa, konda akiangalia upande wa pili.

Jirani yangu wa meza, ambaye ana ushauri kwa kila jambo isipokuwa madeni yake, akaniambia: "Kaka, futa mabaki yote ujenge upya." Nikafuta bin, nikafuta obj, mafolda yanayotunza mabaki hayo, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshakolea, nikafuta na lile folda lililofichwa la .vs. Hakuna aliyenikumbusha kwamba brekipointi zenyewe hutunzwa humo. Nilikuwa nazo 23, nilizozikusanya kwa wiki kadhaa. Sasa hata lile duara tupu sikuwa nalo.

Baada ya chakula cha mchana, ambacho sikukila, ndipo nilipofungua dirisha la moduli, linaloonyesha kila faili limepakiwa kutoka wapi. Seva ilikuwa ikitumia DLL, yaani faili la programu iliyokwisha kujengwa, ya mwezi uliopita, kutoka kwenye folda liitwalo "mpya_kabisa_2", ambalo nililiunda mwenyewe usiku wa kufunga hesabu. Kumbe siku nzima nilitega mtego Kariakoo, panya anakula Tegeta.

Nikanakili DLL mpya pamoja na faili lake la pdb lenye zile simboli, nikaweka brekipointi upya, nikajiunganisha tena. Nukta ikajaa, programu ikasimama palepale nilipotaka. Nikaona kodi ya mstari ikiingia 814.5 na kutoka 814, kwa sababu Math.Round, amri ya kukadiria namba, usipoiagiza vinginevyo, hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu. Ndiyo maana jumla ya 2,443.5 nayo ilipanda ikawa 2,444. Nikajimiminia chai, nikaegemea kiti, nikaikodolea macho ile 814.5 kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

Simu ikaita.

"Mwanangu, hebu achana kwanza na zile shilingi mbili. Madirisha yote matatu ya malipo yameganda, na foleni imefika barabarani."