Taya likiuma, usikubali koleo haraka

Gego langu la chini, upande wa kulia, liling'olewa likiwa zima. Halikuwa na tundu wala fizi haikuvimba. Maumivu yalianzia mbele ya sikio yakashuka shavuni, na zahanati niliyokwenda wakaona dawa ni kung'oa. Wiki chache baadaye nikauma muhindi wa kuchoma, taya likalia ko! Maumivu yakarudi palepale.

Daktari wa meno wa pili alinibonyeza mbele ya masikio, akaniambia nisimamishe vidole vitatu katikati ya meno ya mbele. Kwa kawaida vitatu hupita. Mimi viliingia viwili, tena kwa taabu. Akasema tatizo ni kiungo cha taya na misuli yake. Akanitengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, akaniandikia na rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kukanda misuli.

Kilichonitoa kwenye kunywa uji ni fiziotherapia. Yule dada alivaa glavu, akaniingiza kidole gumba ndani ya shavu, akaubana msuli wa kutafunia na kuushikilia mpaka ukalegea. Machozi yalinitoka. Kisha akanifundisha: ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, midomo imefungwa, meno yasigusane. Fungua mdomo taratibu, ulimi usibanduke. Nilipoanza kujichunguza nikakuta kwenye daladala, kwenye kompyuta, hata nikipika, nimeuma meno kwa nguvu. Kifaa cha usiku kingenisaidiaje mchana?

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya. Ulisisitiza mazoezi ya taya chini ya mtaalamu, kukanda misuli, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mazoea. Vifaa vya kuvaa na kuvua haukuvipendekeza kwa wagonjwa wengi, na vile vinavyobadili mpangilio wa meno kwa kudumu ukavikataa kabisa.

Changu sijakitupa, maana nasaga meno usingizini na ni heri iliwe plastiki kuliko jino. Ila kukabidhiwa plastiki tu, bila mtu wa kukufundisha kulegeza taya, mimi siiiti tiba. Na ndugu zangu, mkiambiwa jino ling'olewe, ombeni kwanza eksirei, muonyeshwe ubovu wake uko wapi. Mimi sikuuliza.