Leveli siti, na sisi wa kituoni

Ukiwauliza watu wa Dar leo korona iliwaachia nini, mmoja atakutajia nyungu ya kujifukiza, mwingine bei ya malimao na tangawizi, mwingine barakoa ya kitenge aliyoshonewa na fundi wa mtaani ambaye hakumpima masikio. Mimi iliniachia kinyongo na agizo moja tu: abiria wote wakae, asisimame mtu. Leveli siti.

Kwa kulisikia redioni, ni agizo zuri kuliko yote tangu nianze kupanda daladala. Umelipa nauli yako halali, unakaa kwenye kiti, magoti yako ni yako, na kwapa la jirani linabaki kuwa mali ya jirani. Miaka yote tumesafiri tukining'inia kwenye bomba, konda anapaza sauti, "Simameni mbilimbili, huko nyuma kweupe!" wakati huko nyuma hata sindano haipiti. Halafu ghafla serikali inasema kila mtu akae. Nikamwambia mama watoto, kumbe ugonjwa nao una huruma zake.

Shida ni kwamba agizo lilikuwa la waliomo ndani ya gari. Sisi wa kituoni hatukutajwa popote.

Hebu pigeni hesabu wenyewe. Gari iliyozoea kubeba watu wa kwenye viti na wengine karibu idadi hiyohiyo wamesimama, sasa inabeba wa viti peke yao. Haya, wale waliokuwa wanasimama wameenda wapi? Magari hayakuongezwa, watu hawakuyeyuka, na bosi hakusema wa kusimama wabaki nyumbani. Walikuwa Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na moja alfajiri, wamebanana kituoni bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, wakisubiri gari ambayo ndani yake watu wanakaa kwa usalama. Yaani tulisongamana nje ili ndani kusiwe na msongamano! Korona ingekuwa na akili timamu ingehangaika kupanda daladala ya nini? Ingekaa hapohapo Rangi Tatu, ikapata watu wote bila nauli.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Sisi wazazi tulishika vichwa, ila makonda walipumua. Mwanafunzi alikuwa analipa mia mbili, na kwa konda wa Dar mwanafunzi ni hasara iliyovaa sare. Siku zile konda alikuwa anatabasamu mlangoni bila sababu. Sijawahi kuona.

Kituoni tukaletewa maji tiririka. Ndoo ya plastiki yenye koki, imewekwa juu ya stendi ya chuma, na sabuni ya kipande imefungwa kamba shingoni isije ikatembea. Mwanzoni ilikuwa raha: watu wananawa mpaka viwiko, wengine wananawa na uso, kuna mama mmoja akaosha na viatu vya mtoto. Halafu maji yakaisha. Koki ikabaki. Kisha sabuni ikapotea, kamba ikabaki. Mwisho stendi nayo ikaondoka usiku, na ndoo akaichukua mpiga debe, akaipindua, akaikalia. Kituo kizima kile, aliyekuwa na leveli siti alikuwa yeye peke yake.

Sasa njoo kwa konda. Konda alipewa kitakasa mikono. Chake kilikuwa kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa aliyoitoboa kizibo kwa msumari, kimiminika cha bluu, harufu yake ukifumba macho unaweza kudhani umeingia kilabuni. Ukikanyaga ngazi anakuminyia matone mawili kwenye kiganja, anakuambia, "Sugua, anko, sugua." Unasugua. Unakaa. Gari inatembea. Anakuja kukusanya nauli, unampa elfu tano, anatoa lile furushi lake la noti, analamba dole gumba, anahesabu elfu moja, analamba tena, anahesabu mbili, analamba, anahesabu tatu, mpaka nne na sarafu zake. Anakukabidhi chenji yako ikiwa bado na unyevu. Na wewe mikono yako misafi kabisa unaipokea, maana hela huwezi kuisusa.

Na barakoa je? "Bila barakoa hupandi!" Sawa, sheria ni sheria. Siku moja mbele yangu yuko mzee wa makamo, amevaa kanzu yake safi, hana barakoa. Nikajua huyu anarudishwa. Konda akaingiza mkono mfuko wa nyuma wa suruali, akatoa barakoa iliyokunjwa mara nne, akaikung'uta kidogo hewani. "Vaa hii, mzee wangu. Ukishuka unirudishie." Mzee akaiangalia, akaangalia foleni ya watu nyuma yake, akamtaja Mwenyezi Mungu, akaivaa. Alipofika Mtoni akaivua, akaikabidhi kwa mikono miwili, na aliyepanda hapohapo Mtoni akaipokea. Ile barakoa ilikwenda Kariakoo mara nyingi kuliko mimi.

Wengine tulikuwa nazo, ila zilikuwa na kazi maalumu. Trafiki akionekana, zinapanda puani. Trafiki akipitwa, zinashuka kidevuni. Ukimkuta mtu ameivaa sawasawa kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo, ujue amelala.

Jioni ndiyo kulikuwa na mambo. Asubuhi konda anaogopa, jioni konda ana hesabu ya tajiri mwenye gari haijatimia. Kwa hiyo viti vikijaa anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anasema polepole, "Wenye haraka waingie, ila mkisikia 'chini', chini." Tukaingia wenye haraka. Nani Dar hana haraka saa kumi na mbili jioni? Tunafika karibu na trafiki, konda anagonga bati, "Chini! Chini! Wote chini!" Basi tunachuchumaa kwenye kile kinjia katikati ya viti. Mimi hapa, pembeni yangu baba mmoja wa ofisini, suti na tai, faili ameliweka kichwani, nyuma yetu dada mwenye ndoo ya samaki aliyekataa kuchuchumaa kwa sababu gauni linambana, akakalia mapaja ya mtu asiyemjua, na huyo mtu hakulalamika. Trafiki anachungulia dirishani, anaona vichwa vimepangika vizuri, kila kiti mtu mmoja, anapunga mkono. Pita. Tukapita. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa leveli siti ni kipimo cha urefu: mradi hakuna kichwa kilichozidi mgongo wa kiti, sheria imetekelezwa.

Na nauli ilikuwa ileile. Mia nne ya kukaa, mia nne ya kuchuchumaa. Nilimuuliza konda kama hakuna punguzo kwa tuliosafiri tukiwa nusu, akaniuliza kama nimefika nusu.

Afadhali konda huyo, maana wengine waligundua kukata ruti. Gari imeandikwa ubavuni Mbagala hadi Makumbusho, ikifika katikati ya njia dereva anazima injini: "Mwisho wa gari." Mwisho wa gari vipi, na sisi hatujafika mwisho wetu? Unashuka, unapanda nyingine, unalipa upya. Hapo sasa unaanza tena kituoni, na mjue kituo cha katikati ya ruti ndicho kituo cha mateso, kwa sababu kila gari inayokuja imeshajaa kule mwanzo. Zinapita tu. Abiria waliokaa wanakutazama kupitia kioo kwa macho ya huruma, barakoa zao kidevuni, na wewe umesimama juani na yako puani.

Wajanja wakawa wanageuza nayo. Kama wewe si wa Dar nikufafanulie: jioni uko Kariakoo, unataka kwenda Mbagala, unajua gari ikifika kituoni haikai dakika. Basi unatembea kuifuata kule inakotokea, unaipanda inapokuja kushusha, unazunguka nayo mpaka kituoni ukiwa tayari umekaa, unawatazama wenzako wakigombania mlango. Konda anakudai nauli mbili, ya kuja na ya kurudi. Kwa hiyo mtu unalipa kwenda usikotaka ili upate haki ya kurudi unakotaka. Wakati wa korona desturi hii ilishamiri, mpaka gari inafika Kariakoo kushusha na hakuna anayeshuka.

Walioshindwa kote huko walipanda boda. Na kwenye boda hapakuwa na leveli siti, kulikuwa na mishikaki. Dereva mbele, abiria wawili nyuma, kifua kwa mgongo, mgongo kwa kifua, kofia ngumu moja inayovaliwa na yule aliye katikati kwa sababu ndiye anayeogopa zaidi. Abiria hao wawili walikuwa wamekataliwa kwenye daladala kwa ajili ya kulinda afya zao.

Mwaka 2021 mambo yakarudi. Wimbi la tatu likaja, barakoa zikatoka kabatini, na ilipofika Julai tukasikia tena leveli siti. Tarehe 28 ya mwezi huohuo Rais Samia akazindua chanjo na akachanjwa yeye mwenyewe hadharani. Chanjo ilikuwa hiari. Kuna konda akaichukua hiyo, akawa anatangaza mlangoni, "Chanjo hiari, kukaa lazima!" Watu walicheka mpaka wakashusha barakoa. Mimi nilicheka pia, ila nilikuwa nje ya gari.

Leveli siti sijui ilikufa lini. Ninachojua, siku moja konda alisema "sogea nyuma, sogea nyuma, acheni ubinafsi," na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Tukasogea. Bomba likapata mikono yake, kwapa likapata pua zake. Nilitegemea angalau mmoja apaze sauti adai haki yetu ya kukaa, lakini nawaambia ukweli, nilisikia watu wakishukuru. Na mimi nilishukuru, kwa sababu bora kusimama ndani kuliko kusimama nje.

Ndiyo maana nasema, mji huu kila kinachoboreshwa kinamboreshea aliyekwisha kupanda. Daraja la Mfugale pale Tazara, tangu 2018 magari yanapita juu. Ubungo nako 2021 tukapata Kijazi, barabara ghorofa tatu, magari yanapishana angani hayaangaliani usoni. Ni kazi nzuri, mimi si mtu wa kubeza. Lakini mnaojua Ubungo niambieni, kati ya zile ghorofa tatu, msubiri daladala amepangiwa ipi?

Hata mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake. Ilipoanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, watu wa Kimara walitusimanga sisi wa Mbagala mpaka tukawa hatuendi misiba yao. Na kweli wao kituo chao kina paa, kina geti, kina jukwaa lililo sawa na mlango wa basi. Sasa paa hilo limepimwa kwa watu wangapi? Asubuhi nenda ukaone mwenyewe. Na mvua kubwa ikinyesha Bonde la Msimbazi linajaa, maji yanakatiza barabara pale Jangwani, huduma inasitishwa, na wewe uko Magomeni Mapipa unaliona jiji kwa macho, hulifikii kwa miguu. Karakana ya mabasi yenyewe wakaijenga hapohapo Jangwani. Mtu akikuambia maji yana njia yake, Jangwani hiyo ndiyo njia yenyewe, na tulijua tangu enzi za mabibi.

Kwetu Mbagala tukajengewa njia ya mwendokasi ya awamu ya pili. Zege limemwagwa, vituo vimesimama, vioo vinang'aa, mabasi hakuna. Miaka! Zege likawa uwanja wa watoto kujifunzia baiskeli. Jirani yangu alimfundishia mkewe gari humo. Mabasi yalipokuja 2025, mapya, ya gesi, siku za kwanza kila mtu alitaka kukaa kidogo tu aonje, na mimi nilikuwepo, kituoni, natazama watu wakionja.

Nilichoomba mimi ni kidogo sana, na nilikisema kwenye kikao cha mtaa. Nilisema kama mtu anaweza kuamrisha gari isizidishe watu, basi aamrishe na kituo kisizidishe. Wasubiri wakizidi idadi fulani, iletwe gari, hata ya polisi. Mwenyekiti aliandika. Akaniuliza kituo chenyewe kina viti vingapi ili aweke kumbukumbu vizuri. Nikamwambia kina ndoo.

Yule jirani aliyemfundishia mkewe gari kwenye zege, ndiye mwenye gari ndogo, IST nyeupe, pale kona. Tunapeana salamu, watoto wetu wanacheza pamoja, na kila asubuhi anapita barabara ileile ninayosimama mimi. Juzi kulikuwa na mvua. Nikamwona anakuja, akapunguza mwendo, akashusha kioo vidole viwili. Nikasogea. Ndani yuko yeye peke yake, na kiti cha pembeni kina mkoba wa kompyuta umefungwa mkanda.

"Jirani," akaniambia, "ningekuchukua. Ila si unaona mwenyewe, leveli siti."